Mashine Kuukuu na Mgeni Wake

Kuwapo ni jambo moja, na kutambuliwa ni jambo jingine. Kitu huweza kuwa kizima, chenye manufaa yake yote ndani yake, kikahesabiwa si kitu kwa sababu tu yule aliyekipokea hana jina la kukiita. Wenye hekima wa mataifa mengi wamelichungua jambo hili kwa watu, kwa mataifa na kwa lugha. Mimi nataka kulichungua mahali padogo zaidi, penye upana usiozidi ukucha wa kidole gumba, yaani katika tundu la kompyuta kuukuu linapotiwa kifaa kipya. Msomaji asicheke. Jambo dogo lina fadhila moja ambayo jambo kubwa halina: huweza kuonekana lote kwa mara moja.

Katika mji wa Isiolo, kaskazini mwa Mlima Kenya, upo mtaa uitwao Bulla Pesa. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu na wengineo huonana hapo, na Kiswahili huwapatanisha pale ambapo lugha za nyumbani haziwezi. Kwa miaka mingi lami iliyotoka Nairobi ilikoma Isiolo. Aliyekwenda Marsabit au Moyale aliendelea kwa vumbi na mawe, mpaka katika miaka ya 2010 barabara ilipofikishwa mpakani. Mji uliokaa mwisho wa lami hujifunza kutotupa kitu upesi. Gari, redio, cherehani na kompyuta hufika hapo zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na hutumika tena.

Tuseme basi kijana amepanda gari kutoka Merti, na mfukoni ana flashi mpya. Ndani yake mna barua ya chifu, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na maombi ya basari ya karo. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi hayo. Anaingia katika saiba ya mtaani, anaitia flashi katika kompyuta iliyokuja kutoka ng'ambo baada ya kutumika miaka mingi, na kompyuta inajibu kwamba kifaa hiki hakitambuliki. Karatasi za kijana zimo, na haki yake ya kuomba imo pamoja nazo. Lakini kwa mashine ile, kijana hakuleta kitu.

Ili tuhukumu kwa insafu, yatupasa kwanza kujua kinachotendeka tunduni. Kabla ya mwaka 1996 karibu kila kifaa kilikuwa na tundu lake: kibodi na lake, kipanya na lake, printa na lake pana lenye pini nyingi, na mara nyingi kompyuta ilipaswa kuzimwa kabla kifaa hakijachomekwa. Ndipo makampuni saba, yakiwamo Intel, Microsoft, IBM na NEC, yalipokubaliana juu ya tundu moja la vifaa vyote, likaitwa USB. Miongoni mwa wahandisi walioongoza kazi hiyo alikuwa Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India.

Adabu ya tundu hili yafanana sana na adabu ya mlango wa nyumba. Mgeni hasemi kwanza. Hupiga hodi tu, nayo hodi yake ni kuinua umeme kidogo katika mojawapo ya nyaya mbili za habari. Na waya uliochaguliwa humjulisha mwenyeji kama mgeni ni wa mwendo wa polepole au wa mwendo wa haraka. Mwenyeji huisikia hodi, humtuliza mgeni, humpa nambari ya kukalia isiyozidi 127, na humwuliza: wewe nani? Mgeni hutaja nambari ya kampuni iliyomtengeneza, nambari ya aina yake, na kazi aijuayo. Kisha mwenyeji hutafuta katika hazina yake programu iwezayo kusema na mgeni wa namna hiyo. Mafundi huiita programu hiyo draiva.

Kwa hiyo kutotambulika kuna sababu zaidi ya moja, na watu wengi huzichanganya. Yawezekana mwenyeji hakusikia: umeme hautoshi, tundu limejaa vumbi, waya umekatika, au mgeni ametaja jina lake kwa sauti isiyofika. Yawezekana pia mwenyeji amesikia sawasawa na jina ameliandika, lakini nyumbani mwake hamna ajuaye lugha ya mgeni. Windows 98 ilikuwa hivyo kwa flashi: iliisikia lakini haikuijua, na kila flashi ilihitaji draiva yake kutoka kwa aliyeitengeneza. Windows Me na Windows 2000 zilikuja na draiva moja ya jumla, na taabu hiyo ikapungua. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 haikupewa masikio ya USB kabisa, na hapo hakuna wa kulaumiwa, kwani yenyewe na USB zilizaliwa mwaka mmoja.

Liko na jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Flashi yaweza kusikiwa, ikajulikana kuwa ni flashi, na bado maandishi yake yasisomeke kwa kuwa yamepangwa kwa mtindo mgeni. Mtindo uitwao exFAT ulitokea mwaka 2006; Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, haiwezi kuusoma mpaka iongezewe kipande cha programu. Ikipewa flashi ya namna hiyo, haisemi, 'Nimeshindwa kusoma.' Husema kwamba flashi haijapangwa, na humwuliza mtu kwa upole kama anataka ipangwe sasa. Upole huo una hatari kubwa ndani yake, maana kupanga upya ni kufuta. Kijana wetu wa Merti akibonyeza ndiyo, barua ya chifu na cheti na maombi vitapotea machoni pake, na mashine itamshukuru kwa flashi safi.

Tazama kosa hili lilivyo. Mashine haikukiri upungufu wake, ilimhamishia mgeni. Isichoweza kukisoma ilikiita kitupu. Mashine yasamehewa, kwani haina nia, na waliyoiandikia maneno hayo huenda hawakufikiri mbali. Lakini wanadamu wenye nia wamefanya vivyo hivyo, na katika nchi hii hii. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ya wakoloni wa Kiingereza iliihesabu ardhi isiyokaliwa kuwa mali ya Taji. Na malisho ambayo mfugaji aliyaacha yapumzike huku akifuata mvua kwingine yaliweza kuonekana, kwa jicho lisilojua kuyasoma, kuwa ni matupu. Yalikuwa yameandikwa tele: visima vilikuwa na wenyewe, njia za mifugo zilikuwa na majina, zamu za kunywesha zilikuwa na hukumu zake. Ila mtindo wa maandishi ulikuwa mwingine.

Sasa tuulize. Mgeni mpya na mwenyeji wa zamani wasipoelewana, ni nani mwenye wajibu wa kujishusha? Wako wasemao ni mwenyeji, kwa kuwa ulimwengu unakwenda mbele na asiyekwenda nao aachwe. Maneno haya hupendwa sana na wauzaji. Wako wasemao ni mgeni, kwa kuwa kila nyumba ina desturi zake na aingiaye huzifuata. Mimi naafikiana na hawa wa pili, lakini si kwa hoja yao, maana desturi ya nyumba yaweza kuwa mbaya. Hoja yangu ni kwamba kompyuta iliyotengenezwa mwaka 1999 haikuweza kwa njia yoyote kujua flashi ya mwaka 2015 itasemaje. Ilhali aliyeitengeneza flashi ya mwaka 2015 aliweza, akitaka, kulijua kila neno la kompyuta ya mwaka 1999, maana limeandikwa na lipo. Elimu husafiri upande mmoja tu wa wakati. Aliyetangulia hawezi kujifunza kwa ambaye hajazaliwa. Aliyefuata aweza kujifunza kwa aliyetangulia hata baada ya kifo chake. Na mzigo wa kuelewana wamstahili yule awezaye kuubeba.

Wahandisi wa USB walilifahamu hilo mapema, na ni haki tuwasifu. USB 1.1 ya mwaka 1998 hupitisha biti milioni 12 kwa sekunde; USB 2.0 ya mwaka 2000 hupitisha milioni 480, USB 3.0 ya mwaka 2008 hupitisha bilioni 5. Kwa hesabu hiyo kifaa kipya kingeweza kuidharau kompyuta kuukuu na kukataa kusema nayo. Badala yake flashi ya leo ikitiwa katika tundu la mwaka 1998 hujitia katika mwendo wa mwaka 1998, ikasema polepole kama mwenyeji wake asemavyo. Mchungaji wa bonde la Waso hufanya hivyo kila siku, kwa kuwa kundi huongozwa kwa mwendo wa mnyama mchovu.

Lakini tundu si kila kitu. Adabu iliyowekwa katika umeme haikufuatwa sawasawa katika programu. Printa mpya huuzwa na draiva za mifumo mipya peke yake, na aliye na mfumo wa zamani huambiwa anunue kompyuta nyingine ili aitumie printa aliyokwisha kuinunua. Je, ni dhuluma? Tusikimbilie kusema ndiyo. Kazi ya kuandika draiva ina watu wanaolipwa, na haiwezekani mtengenezaji afungwe kwa mteja mmoja maisha yake yote. Windows XP iliangaliwa na Microsoft tangu mwaka 2001 hadi Aprili 2014, muda unaokaribia miaka kumi na mitatu, na muda huo si mfupi. Hata wale wasiofanya kazi kwa faida huchoka: Debian, mfumo wa Linux unaotunzwa na watu wanaojitolea na ambao kwa miaka mingi ulikuwa kimbilio la mashine kuukuu, toleo lake la 13 la Agosti 2025 haliwekwi tena katika kompyuta za biti 32.

Basi nasema hivi: mtengenezaji ana haki ya kuacha kazi, lakini hana haki ya kuondoka na ufunguo. Draiva iliyokwisha kuandikwa haigharimu kitu kikubwa kuiacha mahali ambapo fundi wa Isiolo ataipata. Inapoondolewa, fundi haachi kuitafuta, kwani mteja wake anamngoja. Huitafuta katika mahali pa mashaka, akaipokea kwa asiyemjua, na yamkini akaleta maradhi dukani. Aliyeondoa ufunguo ana sehemu katika maradhi hayo, ijapokuwa hatalipishwa.

Na maradhi ni hoja nzito dhidi yangu, wala sitaki kuikwepa. Mtu aweza kusema: unatutaka tumfungulie kila mgeni, na hujui wageni wengine huja na nini. Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2008 ilienea duniani programu mbovu iliyoitwa Conficker, na mojawapo ya njia zake ilikuwa flashi. Windows ya siku zile ilikuwa na ukarimu wa kijinga: flashi ilipoingia, mashine iliweza kutii amri iliyoandikwa ndani yake bila kumwuliza mwenye nyumba. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza badiliko la kuuzuia ukarimu huo katika XP na Vista. Kompyuta ambayo haikupata badiliko lile bado ni mlango usio na komeo, na fundi anayeifufua na kuiunganisha na intaneti huhatarisha duka lake na maduka ya jirani.

Walakini hoja hiyo yatufundisha kutenga mambo mawili, wala haitulazimishi kufunga mlango. Kutambua si kuamini. Kumwuliza mgeni jina lake, kulisikia na kuliandika, ni haki yake. Kumpa funguo za ghala ni jambo la baadaye, nalo lataka ushahidi. Kosa la Windows XP lilikuwa kuyafanya yote mawili kwa pumzi moja. Na kosa la pili, ambalo watu wa kaskazini mwa Kenya wanalijua zaidi kuliko mimi niwezavyo kulieleza, ni kumnyima mtu utambuzi kwa sababu ya kutoamini. Mwezi Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali waliotimiza miaka kumi na minane wajitokeze wahojiwe upya juu ya uraia wao, na waliokubaliwa walipewa kadi ya pekee, mbali na kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, vijana wa kaunti za kaskazini waliotaka kitambulisho walipitishwa mbele ya kamati za uhakiki ambazo wenzao wa kaunti nyingine hawakuzijua. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza, akiwa Wajir, kwamba uhakiki huo wa ziada umekomeshwa.

Dola ina haki ya kuuliza jina. Dhuluma haikuwa katika kuuliza. Ilikuwa katika kuwauliza baadhi ya wenyeji mara mbili kana kwamba jibu la kwanza halikusikiwa. Wala sitaki msomaji adhani namfananisha mtu na flashi. Flashi ikikataliwa haifedheheki, haikosi mtihani wala ajira, na haina mama anayeingoja nyumbani. Tena kompyuta ya mwaka 1999 ina udhuru ambao ofisi haina: haiwezi kujifunza. Karani aweza kuuliza, aweza kupiga simu, aweza kumwita mzee anayeujua ukoo wa kijana, aweza kufungua daftari la shule. Ikiwa wajibu humfuata awezaye, basi hapa umemfuata mwenyeji, na mgeni hana deni. Na kwa kweli hakuwa mgeni.

Nirudi kwa kijana wa Merti, maana saa zinakwenda na ofisi itafungwa. Fundi mwema huanza na yasiyo na gharama. Huitoa flashi katika tundu la mbele na kuitia la nyuma, kwa kuwa matundu ya nyuma hutoka katika bodi yenyewe, ilhali ya mbele hupitia waya mwembamba ambao huchoka. Hujaribu flashi nyingine katika tundu lile lile, na flashi ile ile katika mashine nyingine. Kwa majaribio hayo mawili hujua kama mgonjwa ni mgeni au mwenyeji, na hapo ndipo apaswapo kusema neno, si kabla. Kama kifaa ni diski kubwa ya nje, hukumbuka kwamba tundu la zamani hutoa volti 5 na, kwa kanuni, miliampea zisizozidi 500. Diski hunguruma, hukwama, hunguruma tena, na dawa yake ni kigawanyio cha USB chenye umeme wake. Kama kompyuta ni ya meza na matundu yake ni mabovu, ipo kadi ndogo ya kupachikwa ndani iletayo matundu mapya. Na kama ni mtindo wa exFAT, hatabonyeza ndiyo hata kidogo. Ataipeleka flashi kwa jirani mwenye kompyuta mpya, atanakili barua na cheti na maombi, atayatia katika flashi iliyopangwa kwa FAT32, ambayo mashine kuukuu huisoma madhali hakuna faili lililofikia gigabaiti 4, na kijana atachapishiwa karatasi zake. Hila hii haitaki elimu kubwa, wala haistahili kutozwa bei ya elimu kubwa.

Wako mafundi ambao hutamka mara moja kwamba flashi imekufa, na hutoa nyingine kabatini kwa kuuza. Mteja hana njia ya kuwakatalia, kwa kuwa ameonyeshwa kioo, na kioo kimesema. Mtu asiye na elimu ya jambo humwamini mwenye elimu kama mtoto amwaminivyo mtu mzima, na kwa hiyo neno 'imekufa' likitamkwa bila majaribio yale mawili ni uongo hata kama kwa bahati flashi imekufa kweli.

Mashine yenyewe nayo ina haki yake ya mwisho. Siku huja ambapo fundi huitenga na intaneti, huiacha ipige chapa barua na mitihani ya majaribio, na baadaye hata kazi hiyo huishinda. Kabla haijapelekwa kwa wakusanyao vyuma na shaba, yafaa iulizwe kilichomo ndani yake. Aghalabu mna mambo: picha za harusi za watu waliohama, orodha za wanafunzi, daftari la duka, barua zilizoandikwa na waliokwisha kufariki. Hapo kazi hugeuka. Sasa kuukuu ndiyo inenayo, na flashi mpya ndiyo isikilizayo. Kwa tundu la mwaka 1998 gigabaiti moja haipiti chini ya dakika kumi na moja, na diski ya gigabaiti 20 huchukua karibu saa nne hata pasipo kizuizi chochote. Fundi huanza kunakili kabla ya adhuhuri. Adhana husikika, huenda akaswali, hula, hurudi, humhudumia mteja mmoja na wa pili, na mstari wa kijani haujafika nusu.